Kabla saruji haijakauka, andikeni majina: barua ya wazi kuhusu mnara wa mashujaa wa kata yetu

Kwa Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, wenyeviti wa vijiji na wajumbe wote wa kamati ya ukarabati wa mnara.

Shikamooni mlionizidi umri. Nanyi wengine, poleni na kazi.

Alhamisi iliyopita nilipita mnarani nikitoka shamba. Nikakuta kokoto zimemwagwa, mifuko ya saruji imefunikwa turubai, na fundi anapima kuta kwa futi kamba. Kijana mwenyewe ni mwanafunzi wangu wa zamani, akaniheshimu, akanionyesha mchoro. Vigae vyeupe kuanzia chini hadi juu. Uzio wa mabomba. Taa mbili za sola. Rangi ya dhahabu kwenye ncha. Na upande wa mbele, jiwe la marumaru. Nikamuuliza, jiwe hilo litaandikwa nini? Akafungua simu akanisomea: jina la mradi, jina la mgeni rasmi na cheo chake, tarehe ya uzinduzi.

Nikasubiri aendelee. Hakukuwa na kuendelea.

Usiku ule sikulala vizuri. Ndiyo maana nawaandikia hadharani, ili kila mwenye ndugu yake pale mnarani ajue ninachowaomba, na aseme kama nimekosea. Ninachoomba ni kimoja: msifunike upande wa mashariki wa mnara kabla ya kuandika majina ya watu ambao upande huo ulijengwa kwa ajili yao.

Naanza na shukrani, na natoka nazo moyoni. Mnara ule umekaa miaka mingi bila mwenyewe. Mbuzi wanalala kwenye ngazi zake, watoto wanachonga vitalu vya udongo chini yake, na mvua za masika zimekula kona moja mpaka mawe yanaonekana. Nyinyi ndio mlioamua kuuingiza kwenye bajeti. Waliotangulia walipita pale kila siku na hawakuuona. Kwa hiyo barua hii si ya kuwavunja moyo.

Wengi katika kamati ni vijana na baadhi ni wageni wa kata hii, hivyo niruhusuni nieleze kile ambacho wazee hudhani kila mtu anakijua. Mnara una pande mbili zenye maandishi. Upande wa magharibi una kibao cha vijana wetu waliokufa katika Vita vya Kagera, waliotoka hapa mwaka 1978 na 1979, baadhi askari wa JWTZ na baadhi mgambo. Kibao hicho wanakijiji walikichangia wenyewe. Majina yapo, sita. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kuna mama anayekuja na kitambaa cha maji akafuta jina moja. Hazungumzi na mtu. Anafuta, anakaa kidogo, anaondoka.

Upande wa mashariki ndio wa zamani, wa wakati wa Mwingereza. Una sentensi moja tu, inayosema ni kumbukumbu ya askari na wapagazi, yaani wabeba mizigo ya jeshi, wa 1914 hadi 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia. Hakuna jina hata moja. Hakuna anayekuja kufuta, kwa sababu hakuna pa kufuta.

Nawaomba mkasimame katikati ya pande hizo mbili kabla fundi hajaanza. Mtaona kwa macho jina linafanya kazi gani juu ya jiwe.

Watoto wangu wa darasani walikuwa wakiniuliza, mwalimu, vita ile ya Wazungu ilituhusu nini? Nilikuwa nikiwajibu kwa ramani. Vita vilianza Ulaya Agosti 1914, na Novemba mwaka huohuo Waingereza walishuka Tanga kwa meli wakapigwa wakarudi baharini. Lakini kwetu kusini vita vilifika kwa uzito mwaka 1917. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba mwaka huo walipigana Mahiwa, na upande wa Mwingereza walikuwapo askari waliotoka Nigeria, watu weusi waliovuka bahari kuja kufa kwenye ardhi yetu wakipigana na watu weusi wenzao waliovaa sare ya Mjerumani. Mwezi uliofuata jeshi la Wajerumani, chini ya Lettow-Vorbeck, likavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Lilikuja kuweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Ulaya walikuwa wameshanyamaza wiki mbili kabla.

Jeshi linalotembea umbali huo linakula nini, na nani anabeba? Reli haikufika huku. Farasi na ng'ombe waliletwa kwa maelfu, wakafa kwa ugonjwa wa mbung'o. Barabara za magari zililiwa na mvua. Ikabaki kichwa cha binadamu. Mtu mmoja alibeba mzigo wa kilo 25 hivi, na nyuma yake alihitajika mtu mwingine kubeba chakula cha huyo wa mbele, na nyuma yake mwingine tena. Ndiyo maana upande wa Mwingereza peke yake walikusanya wapagazi wapatao milioni moja kutoka nchi zote hizi za jirani. Hesabu za serikali yao wenyewe zinataja waliokufa zaidi ya 90,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ni kubwa kuliko hiyo. Hawakuuawa na risasi, wengi wao. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Watu waliozoea mtama au ndizi walipewa unga wa mahindi bila muda wala vyungu vya kuupika ukaiva, matumbo yakaharibika, wakaachwa njiani.

Upande wa Mjerumani walibeba vilevile, na kumbukumbu za wapagazi wake ni chache zaidi.

Kikosi cha wapagazi wa Mwingereza kiliitwa Carrier Corps. Midomo yetu ikageuza ikawa Kariakoo. Kila anayekwenda Dar es Salaam kununua vitenge anataja jina la kikosi cha wale waliokufa, na Wakenya nao wana Kariokor yao Nairobi. Jina la kikosi limeishi miaka mia na zaidi, linatajwa maelfu ya mara kwa siku. Majina ya watu wa kikosi hayatajwi popote. Jambo hili linanisumbua tangu nilipokuwa kijana wa chuo cha ualimu na nikalielewa kwa mara ya kwanza, nikiwa nimesimama pale sokoni na mfuko wa vitunguu mkononi.

Sasa nifike kwenye kile kinachofanana na mnara wetu, na hapa nitakaa kidogo.

Dar es Salaam, kwenye makutano ya mtaa wa Samora na Maktaba, kuna sanamu ya askari wa shaba aliyeshika bunduki yenye singe. Ilizinduliwa mwaka 1927. Chini yake kuna maneno kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu watu wetu wengi wa wakati ule walisoma kwa Kiarabu. Maneno hayo yalitungwa na mwandishi wa Kiingereza, Rudyard Kipling. Yanawataja askari Waafrika, halafu yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwisho yanatoa ahadi: ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Someni tena ahadi hiyo. Jina lako. Halafu mzunguke sanamu yote, mtafute jina. Hakuna.

Kipling hakuwa mtu asiyejua uchungu wa jambo hili. Mwanawe wa pekee, John, alipotea vitani huko Loos, Ufaransa, mwaka 1915, na baba alikufa bila kujua mwili uko wapi. Lakini jina la kijana huyo lilichongwa ukutani huko Loos pamoja na maelfu ya wenzake waliopotea kama yeye. Baba alipata mahali pa kusoma jina la mwanawe. Babu zetu waliandikiwa sentensi nzuri na mtu huyohuyo, na hawakupewa ukuta.

Haikuwa bahati mbaya. Tume ya makaburi ya vita ya Uingereza iliundwa mwaka 1917 kwa kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kujali cheo, dini wala rangi. Kwetu kanuni hiyo iliwekwa kando. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Katika ripoti hiyo yumo mtawala wa Tanganyika wa enzi zile, Horace Byatt, ambaye maoni yake yalikuwa kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Yakarudi. Baada ya hapo yakajengewa nyumba na barabara.

Waheshimiwa, nawauliza kwa heshima zote: tukiubandika vigae upande wa mashariki na kuweka jiwe la uzinduzi mahali pa majina, tutakuwa tumefanya jambo gani tofauti na lile? Wale walisema watu wetu hawana haja ya kuandikwa. Sisi hatutasema hivyo, tutanyamaza tu. Lakini anayesimama mbele ya mnara hasikii tofauti.

Najua jibu la kwanza litakuwa, mwalimu, majina hayo yatatoka wapi baada ya miaka zaidi ya mia? Ni swali la haki. Nalijibu kwa yale niliyoyafanya, maana tangu nistaafu nimekuwa nikizunguka na daftari.

Majina yapo majumbani. Hayapo kwenye karatasi, yapo kwenye dua. Nimekaa kwenye khitma nikasikia mzee akiwataja marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na katikati akataja "yule aliyekwenda na mizigo", na jina lake, na la baba yake. Nimeonyeshwa mtoto aliyepewa jina la mpagazi ambaye hakurudi, kisha mjukuu, kisha kitukuu, jina likishuka kama urithi. Kwa wenzetu Wakristo kuna vitabu vya ubatizo. Misheni ya Kianglikana ya Masasi ipo tangu 1876, na Wabenediktini wa Ndanda tangu 1906. Huyo aliyebatizwa 1910 akiwa kijana na hakuoa wala kuzikwa katika kitabu chochote baada ya 1917, familia yake ikiulizwa mara nyingi ina la kusema. Nyaraka za Taifa kule Dar es Salaam zina vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza. Na tume niliyoitaja sasa inatafuta majina kwa juhudi katika nchi mbalimbali. Januari 2025 ilifungua ukumbusho Cape Town wenye majina 1,772 ya watu wa vikosi vya kazi wa Afrika Kusini, wengi wao weusi, waliokufa katika vita hivyohivyo na hawakuwa na kaburi wala jiwe. Kila mmoja ana nguzo yake ya mti wa mvule, na jina lake, na tarehe aliyokufa. Wao walianzia mahali palepale tulipo sisi leo.

Daftari langu lina majina 23 ya kata yetu. Kumi na tisa nimeyasikia kwa zaidi ya mtu mmoja, kutoka nyumba zisizo na undugu. Manne nimeyasikia mara moja tu, nimeyaweka alama ya kalamu nyekundu. Najua hayajatimia.

Wa kwanza katika daftari ni babu wa baba yangu. Alichukuliwa akiwa kisimani. Mkewe alisubiri mpaka mvua ya tatu ndipo wakubwa wakamruhusu kuvua kaniki ya eda, bila mwili, bila kaburi, bila mtu wa kumwambia alifia mto gani. Jina lake sitaliandika katika barua hii. Nataka lisomwe kwa mara ya kwanza pale.

Kuna mambo mengine mawili matatu nahitaji kuyasema kwa uwazi, kwa sababu nimeona rasimu ya maneno mapya. Imeandikwa "waliojitolea". Jamani, hawakujitolea. Wapo waliokwenda kwa mshahara, na wapo walioahidiwa nguo na chakula wakaamini, lakini wengi walitafutwa na maakida usiku, wakafungwa kamba shingoni, na wenye mbio wakakimbilia msituni. Tukiandika "waliojitolea" tutawapa sifa ambayo hawakuiomba na tutaficha kosa walilotendewa. Andikeni "waliochukuliwa", au andikeni "waliokufa wakibeba mizigo ya vita vya wengine". Lugha yetu ina maneno ya kutosha.

La pili ni la waliobebea Mjerumani. Katika kikao cha mwaka jana mjumbe mmoja alisema wale walikuwa upande wa adui. Adui wa nani? Katika nyumba moja ninayoijua kaka alichukuliwa na Mjerumani, na mdogo wake akachukuliwa na Mwingereza baada ya miezi, na mama yao alikuwa mmoja. Wote wawili hawakurudi. Nani kati yetu atakwenda kuwaambia wajukuu wa mama yule kwamba mmoja ataandikwa na mwingine hapana? Waandikwe wote kwa mpangilio wa herufi, bila cheo, bila kutaja upande.

Na la majina ya Kagera. Katika yale sita, moja limekosewa. Imewekwa R pahali pa L, na ni kosa ambalo huku kwetu tunalifanya sana mdomoni, ila juu ya jiwe linamgeuza mtu kuwa mwingine. Yule mama anayefuta kibao kila Julai ndiye mjane wake. Alipokwenda kulalamika miaka ile aliambiwa asubiri mnara ukikarabatiwa. Amesubiri. Sasa unakarabatiwa, na kwenye orodha ya kazi za fundi, niliyoisoma yote, kibao hicho kimeandikiwa "kupaka rangi upya". Yaani tutalipaka kosa dhahabu.

Sasa niseme kidogo juu ya kazi yenyewe ya ujenzi. Mimi si fundi, lakini nimewauliza mafundi wa zamani na waliowahi kufanya kazi kwenye majengo ya kale ya Kilwa na Mikindani. Ule upande wa mashariki umejengwa kwa mawe na chokaa. Chokaa inapumua. Maji yanayopanda kutoka ardhini yanapita ndani yake na kukaukia nje, ukuta unabaki mzima. Ukiufunga kwa saruji na vigae, maji yanapanda yanakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya vigae, na jiwe linapasuka kimyakimya kutoka ndani. Utaona vigae vinang'aa miaka michache, kisha vinaanza kudondoka kimoja kimoja na kubeba ngozi ya jiwe pamoja navyo. Viungo vilivyokatika vijazwe kwa chokaa na mchanga, kama vilivyokuwa. Maandishi ya zamani yasafishwe kwa maji na brashi laini. Nawasihi, pasiwe na asidi ile ya kusafishia choo, pasiwe na brashi ya waya, na mtu yeyote asiguse herufi kwa grenda kwa nia ya kuzitia makali. Herufi iliyokwanguliwa hairudi. Kibao kipya kisiwe cha shaba, maana tunajua wanunuzi wa vyuma chakavu wamefika mpaka kwenye vifuniko vya mifereji. Kiwe cha jiwe gumu, herufi zichongwe ndani, zisibandikwe.

Mwenzangu mmoja aliniambia mambo haya yatazuiwa na sheria, tusihangaike. Si kweli. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863. Kilicho kipya zaidi kinalindwa kikitangazwa rasmi, na mnara wetu haujatangazwa. Mkiuvunja kesho hakuna atakayewashtaki. Hauna mlinzi mwingine zaidi yenu.

Nafahamu pia haraka inatoka wapi. Mwenge utapita wilayani, na kila kata inataka kuwa na mradi wa kuonyesha. Ni jambo la heshima na sitaki tukose heshima hiyo. Lakini hebu fikirini: mkimbiza Mwenge akifika akakuta mnara wenye mawe yake ya asili yaliyosafishwa, chokaa mpya kwenye viungo, na ubao wa muda wa mbao wenye majina 19 yaliyothibitishwa, na wazee wamekaa kwenye mkeka wakimsomea, je, huo si mradi? Jiwe la kudumu linaweza kuja miezi sita baadaye, tukiwa tumemaliza kuulizana na kusahihishana. Jina la mgeni rasmi liandikwe, sina ugomvi nalo. Liwekwe chini ya uzio, au kwenye nguzo ya geti. Mbele ya mnara wakae wenye mnara.

Fedha nimezifikiria vilevile. Sitaji kiasi, kwa kuwa hesabu ni zenu na mnaziwasilisha wenyewe kwenye mkutano wa hadhara. Nasema tu kwamba vigae, rangi ya dhahabu na taa ya pili vikiondolewa kwenye orodha, kazi ya kuchonga majina haihitaji kuomba nyongeza. Fundi mwenyewe amenikubalia hilo, na hakuwa analazimika.

Watakuwepo wale ambao majina yao hayatapatikana kamwe. Kwao naomba sehemu ya jiwe iachwe tupu, laini, bila pambo wala nukta. Atakayeuliza kwa nini hapajaandikwa ataambiwa. Na siku jina likitokea, fundi atajua pa kuanzia. Katika Vita vya Pili vya Dunia tulifanyiwa vizuri zaidi: meli Khedive Ismail ilipozamishwa katika Bahari ya Hindi tarehe 12 Februari 1944 ikiwa imewabeba wapiga mizinga wa Afrika Mashariki kwenda Asia, watu hao hawakupata kaburi, lakini majina yao yameandikwa Nairobi, kwenye ukumbusho ulio katika makaburi ya vita. Mtu wa huku kwetu anaweza kwenda pale akaweka kidole juu ya jina la babu yake aliyelala chini ya bahari. Mpagazi aliyekufa kando ya mto, siku nne za kutembea kutoka hapa, hana hata hicho.

Mmeita kikao cha kamati Jumatano ijayo, saa nane mchana, ofisi ya kata. Nitakuja na daftari, hata kama jina langu halimo kwenye orodha ya waalikwa. Watakuja pia watu wa nyumba saba ambazo zimekubali kusimama na kutaja jina la mtu wao mbele ya mashahidi, ili kamati iandike yenyewe na isitegemee mwandiko wangu. Fundi nimemwomba asichanganye saruji mpaka siku hiyo ipite, naye amesema anasubiri neno lenu. Mpeni neno hilo kabla ya Jumatatu, maana analipwa kwa siku na ana watoto.

Na yule mama wa kibao cha Kagera anaomba kitu kimoja, kwamba kikao kisogezwe kiwe asubuhi. Anakaa ng'ambo ya mto, atakuja kwa miguu, na jua la saa nane halimudu tena. Ataleta cheti cha marehemu mumewe, chenye L.

Wenu katika kata,
Mwalimu mstaafu, kitukuu wa mpagazi